Filta mbadala ya haidroliki kwa mashine ya kupasulia magogo: ipi ichukuliwe, ipi iachwe

Panga makopo manne ya filta juu ya meza ya fundi. Yote ni meusi, kimo chake kinakaribiana, kila moja lina tundu lenye thredi katikati na matundu madogo yakilizunguka. Moja linaifaa mashine yako. La pili litafunga vizuri lakini litaibana oili. La tatu litashika thredi mbili au tatu, likaonekana limekaa, kisha litang'oka presha ikipanda. La nne litapitisha uchafu kuanzia siku ya kwanza na hutaona dalili yoyote mpaka pampu ianze kuishiwa nguvu.

Tathmini hii inahusu filta za kopo zinazofungwa kwa kuzungusha, zinazokaa kwenye njia ya oili inayorudi tangini. Ndizo zinazotumika kwenye mashine nyingi za injini ya petroli zenye pampu ya hatua mbili (moja ya mwendo kasi bila mzigo, nyingine ya polepole yenye nguvu). Mashine ndogo za umeme nyingi hazina kopo la kubadilisha kabisa, na kwa hizo dawa ni kumwaga oili na kuosha tangi kwa wakati.

Wanunuzi wengi huanza na namba ya maikroni, yaani ukubwa wa chembe ambazo filta inakusudiwa kuzinasa (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Tunashauri iwe ya mwisho. Tangulia na thredi na gasketi, halafu kiasi cha oili kinachopita, halafu vali ya baipasi, ile inayopitisha oili kando filta ikibana. Ukishamaliza hayo, makopo yaliyobaki yatakuwa machache, na hapo ndipo maikroni zinakuwa na maana.

Thredi kwanza

Mashine nyingi zinazotengenezwa kwa vipimo vya Marekani hutumia thredi ya inchi 1 yenye meno 12 kwa inchi. Mashine kubwa zaidi hutumia inchi 1½ yenye meno 16. Zile za vipimo vya Ulaya huwa na thredi za bomba za G¾ au G1¼. Tatizo liko kwenye jirani hawa watatu: inchi 1 meno 12, inchi 1 meno 14, na G¾. Shina, yaani kipande chenye thredi kinachoingia kwenye tundu la kopo, la kwanza na la pili yote yana kipenyo cha nje cha milimita 25.4. La G¾ lina milimita 26.4, nalo lina meno 14 kwa inchi. Kwa jicho hutayatofautisha, na kwa rula ya kawaida utakosea.

Ukifungua filta ya zamani, pima shina lililobaki kwenye kichwa cha filta (sehemu ya mashine ambayo kopo hufungwa), si kopo lenyewe. Tumia kipimo cha venia kwa kipenyo, kisha hesabu meno. Shina huwa fupi, kwa hiyo hesabu kwenye milimita 12.7 tu: meno 6 ni thredi ya 12, meno 7 ni thredi ya 14. Kama una geji ya thredi, kazi ni rahisi zaidi. Thredi ya 12 ina hatua ya milimita 2.12, ya 14 ina 1.81. Kopo la inchi 1 meno 14, ambalo hupatikana sana kwenye filta za mafuta ya injini za dizeli, litaanza kuingia kwenye shina la meno 12 na kukaza baada ya mzunguko mmoja hivi. Mtu mwenye haraka atadhani ni gasketi imegusa. Hajafika popote, ameharibu thredi, na kopo limeshikwa na meno machache tu.

Filta nyingi za oili ya injini ya gari zina thredi ya inchi ¾ meno 16, ambayo ni milimita 19 tu, kwa hiyo hizo hazitaingia. Zipo adapta za kuziwezesha zikae. Hatuzipendekezi, na sababu zipo mbele kidogo.

Baada ya thredi, angalia gasketi. Pima kipenyo chake cha ndani na cha nje, kisha angalia alama ya mviringo iliyoachwa na gasketi ya zamani kwenye uso wa kichwa. Gasketi mpya lazima ikae yote juu ya uso uliosawazishwa. Ikivuka ukingo hata kwa milimita mbili, itavuja mashine ikishapata joto. Raba ya kawaida ni naitrili, nayo inaafiki oili ya madini na ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) bila shida.

Majedwali ya vibadala, yale yanayosema kopo la kampuni hii ni sawa na la kampuni ile, yanasaidia kupunguza orodha. Ila mara nyingi yanalinganisha thredi, gasketi na kimo, basi. Kopo mbili zinaweza kuwa mstari mmoja kwenye jedwali, moja ikiwa na baipasi ndani na nyingine haina. Kwenye makopo ya kampuni ya Zinga, kwa mfano, familia ya AE ni thredi ya inchi 1 meno 12, na namba inayofuata ni maikroni: AE-10, AE-25. Familia ya SE ni inchi 1½ meno 16. Ukijua namna hiyo ya kusoma, jina lililopigwa ubavuni mwa kopo la zamani linakueleza nusu ya unachohitaji. Nusu nyingine inatoka kwenye mashine yenyewe.

Oili inayorudi ni nyingi kuliko inayosukumwa

Hapa ndipo filta nyingi za bei nafuu zinaposhindwa. Pampu ikiandikwa lita 42 kwa dakika, mnunuzi anatafuta filta ya lita 42 na kuridhika. Lakini silinda inaporudi nyuma, oili ya pampu inaingia upande wenye rodi, ambako rodi imekula nafasi. Upande wa pili hauna rodi, kwa hiyo oili inayofukuzwa huko ni nyingi zaidi.

Chukua silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 100 na rodi ya milimita 50. Eneo la pistoni upande usio na rodi ni milimita za mraba 7,854. Upande wa rodi linabaki 5,890. Gawanya la kwanza kwa la pili upate 1.33. Pampu ya lita 42 inarudisha lita 56 kwa dakika. Pampu ya lita 60 inarudisha 80. Ile ya lita 83 inarudisha 111. Na kwa kuwa silinda inarudi bila mzigo, pampu ya hatua mbili huwa kwenye hatua yake ya mwendo kasi wakati huo, inatoa oili yote iliyoandikiwa. Rodi ikiwa nyembamba, tuseme milimita 40, uwiano unashuka hadi 1.19. Ikiwa nene, unapanda.

Halafu kuna unene wa oili. Namba za lita kwa dakika kwenye majedwali mengi hupimwa kwa oili ya unene wa sentistoki 32 hivi, yaani oili iliyokwisha pata joto. Oili ya VG 46 (VG ni daraja la unene) ina sentistoki 46 ikiwa nyuzi joto 40 za Selsiasi. Ikishuka hadi nyuzi 0, unene wake unazidi mara 10 ya hapo. Presha inayopotea kwenye karatasi ya filta hupanda sambamba na unene. Filta inayopoteza presha ya ba 0.15 tu kwenye jedwali itataka zaidi ya ba 2 asubuhi ya baridi kali, wakati baipasi ya kichwa hufunguka kwenye ba 1.7.

Kwa hiyo kanuni tunayoishikilia ni hii: filta iwe na uwezo wa angalau mara mbili ya pampu. Pampu ya lita 42 ipewe filta ya lita 85 hadi 100. Kama kichwa na nafasi vinaruhusu, chukua kopo refu la thredi ileile badala ya fupi. Urefu ukiongezeka, eneo la kuchujia linaongezeka, presha inayopotea inapungua, na uchafu unaoweza kubebwa kabla filta haijaziba unakuwa mwingi. Angalia tu kwamba kopo refu halitagusa gurudumu, fremu, au mahali gogo linapoangukia. Kopo ni bati jembamba. Gogo moja likiligonga, oili yote iko chini.

Baipasi

Baipasi ni vali ndogo yenye springi. Oili ikishindwa kupita kwenye karatasi, vali inafunguka, oili inapita kando bila kuchujwa. Bila hiyo, karatasi itapasuka au kopo litavimba. Filta za haidroliki za kurudishia kwa kawaida huwekewa baipasi kwenye kichwa, mara nyingi ya ba 1.7, yaani psi 25. Kopo lenyewe halina. Filta za oili ya injini huwa nayo ndani ya kopo, na mara nyingi hufunguka mapema zaidi, karibu na ba 1.

Sasa ziweke pamoja. Kichwa chenye baipasi na kopo lisilo nayo: sawa. Kichwa kisicho na baipasi na kopo lisilo nayo: kopo litapasuka siku ya baridi. Kichwa chenye baipasi na kopo la injini lenye yake: ile inayofunguka mapema ndiyo itakayotawala, na sehemu kubwa ya oili yako itazunguka bila kuchujwa kila silinda inaporudi. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kukataa filta za injini. Ya pili ni kwamba filta hizo hunadiwa kwa ufanisi wake kwenye chembe za maikroni 20 na kuendelea, ilhali chembe zinazokwangua pampu ya gia ni ndogo kuliko hizo. Ya tatu ni ulimi wa raba ulio ndani ya filta nyingi za injini wa kuzuia oili isirudi nyuma. Oili ikiingizwa kinyume, ulimi huo unafunga njia kabisa.

Kujua kama kichwa chako kina baipasi, fungua kopo na uchungulie ndani. Utaona kisahani chenye springi katikati au pembeni. Kisukume kwa kijiti cha mti: kinapaswa kuzama na kurudi chenyewe. Kikibaki wazi kwa sababu ya kipande cha gasketi au chuma, filta yoyote utakayofunga haitachuja kitu. Angalia pia mshale au maandishi ya IN na OUT yaliyopigwa kwenye kichwa. Hozi ikifungwa kinyume, oili inaisukuma karatasi kutoka ndani kwenda nje, na baipasi haiwezi kufunguka.

Maikroni, karatasi na nyuzi za glasi

Namba 10 kwenye kopo haielezi kitu peke yake. Swali ni: chembe za maikroni 10 zinanaswa ngapi? Kipimo cha kuaminika ni uwiano wa beta, unaopatikana kwa majaribio ya kiwango cha ISO 16889. Beta ya 2 kwenye maikroni 10 maana yake katika kila chembe 2 za ukubwa huo au zaidi, moja inapita. Ni nusu tu inayonaswa. Beta ya 75 inanasa asilimia 98.7. Beta ya 200 inanasa 99.5. Makopo mawili yanaweza kuandikwa 10 yote, moja likiwa na beta ya 2 na jingine ya 200, na hakuna kitu kwenye rangi au uzito kitakachokuambia. Msambazaji asiyeweza kutoa beta anauza filta ya kukisia, na kopo la namna hiyo lihesabiwe kuwa la beta ya 2.

Filta za karatasi ni nafuu na zinatosha kwa mashine inayotumika mara chache na kuwekwa ndani. Udhaifu wake ni maji. Mashine ya kupasulia magogo hukaa nje, tangi linapata joto mchana na kupoa usiku, hewa inaingia, unyevu unageuka matone ya maji ndani ya bati. Karatasi ikilowa inavimba, njia zinabana, kisha inadhoofika. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, filta ya karatasi imekwisha hata kama imefanya kazi saa 20 tu.

Nyuzi za glasi hazivimbi kwa maji, hunasa chembe katika kina chote cha utando badala ya usoni tu, na kwa maikroni zilezile hupoteza presha kidogo kuliko karatasi. Kwa maoni yetu, kopo refu la nyuzi za glasi, maikroni 10, beta ya 75 au zaidi, ndilo chaguo bora kwa mashine inayofanya kazi ya kweli. Bei yake ni ya juu, na inastahili, kwa kuwa vipuri vinavyolindwa ni pampu na vali.

Maikroni 25 za karatasi tunazikubali katika hali moja: kichwa ni kidogo, nafasi ya kopo refu haipo, na mashine inawashwa kwenye baridi ikiwa na VG 46. Hapo filta ya 25 inayopitisha oili yote ndani yake inafanya kazi zaidi kuliko ya 10 ambayo baipasi yake iko wazi nusu ya siku. Ila dawa nzuri zaidi ni kubadilisha oili iwe VG 32 au ATF, kama kitabu cha mashine kinaruhusu, na kubaki na 10.

Maikroni 3 au 5 ziachwe. Kwenye kopo la ukubwa huu zinaziba haraka, na mashine hii haina vali nyeti zinazozihitaji.

Usiihamishie upande wa kufyonza

Kuna wanaofikiri kwamba filta nzuri ikae kabla ya pampu, ili pampu ipate oili safi. Filta ya maikroni 10 mahali hapo inaua pampu. Pampu ya gia huvumilia ufyonzaji mdogo sana, takribani ba 0.2 chini ya hewa ya kawaida. Ikizidi hapo, viputo vinatokea ndani ya oili na kupasukia kwenye meno ya gia. Utasikia mlio kama wa changarawe ndani ya kopo, na uso wa gia utaanza kuliwa vishimo. Upande wa kufyonza ni wa wavu wa maikroni 150 hivi, ule wa meshi 100, basi. Ukilifungua tangi, utoe na uuoshe kwa mafuta ya taa, uupulize hewa kutoka ndani kwenda nje, na uuache ukauke kabisa kabla ya kuurudisha.

Kufunga

Fanya kazi hii mashine ikiwa ya vuguvugu, si moto. Rudisha silinda nyuma yote, zima injini, vuta waya wa plagi, kisha sogeza mkono wa vali mbele na nyuma mara kadhaa presha itoke. Kama kichwa kiko chini ya usawa wa oili tangini, kukifungua kutamwaga tangi zima. Toa oili kwanza kwenye chombo safi, au tenganisha hozi na uizibe.

Futa vumbi la mbao kuzunguka kichwa kabla ya kulegeza kopo. Hatua hii hurukwa sana, na chembe zinazoangukia hapo zinaingia upande uliokwisha chujwa. Kopo likitoka, tazama kama gasketi ya zamani imetoka nalo. Ikibaki imeng'ang'ania kichwani na ukafunga mpya juu yake, zitaonekana hazivuji mpaka presha ipande, kisha ya chini itachomoka kwa mkupuo.

Paka gasketi mpya oili safi, zungusha kopo kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko hadi mzunguko mmoja. Spana ya filta ni ya kufungulia. Ukiitumia kukazia, gasketi inabonyea na kopo halitatoka tena bila kuchanika. Hakuna haja ya kujaza kopo oili kabla, kwani upande wa kurudi hujijaza wenyewe. Washa injini kwa mwendo wa chini, peleka silinda mbele na nyuma bila gogo mara nne au tano, zima, kagua uvujaji, kisha pima oili silinda ikiwa imerudi nyuma. Uvujaji kwenye hozi za presha utafutwe kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa mkono. Oili ya presha hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha la namna hiyo ni la kukimbizwa hospitali hata kama tundu ni dogo kama la sindano.

Maelekezo mengi ya watengenezaji yanataka filta ya kwanza itolewe baada ya saa 25, kisha kila saa 100 au kila msimu. Ya kwanza ni muhimu kupita zote, kwa sababu inabeba mabaki ya kuchomelea na kuchonga yaliyobaki kwenye tangi na silinda. Kama kichwa kina tundu la geji, weka geji na isome oili ikiwa na joto, silinda ikirudi. Ikikaribia ba 1.7, filta imejaa hata kama saa hazijatimia. Kusoma oili ikiwa baridi hakukuambii chochote.

Kopo la zamani usilitupe kabla ya kulifungua. Likate kwa kikatio cha makopo, si msumeno wa chuma, maana unga wa msumeno utachanganyika na ushahidi. Kunjua karatasi kwenye mwanga. Chembe za rangi ya shaba zinatoka kwenye bushi za pampu. Vipande vya alumini vinatoka kwenye mwili wa pampu. Vinavyoshikwa na sumaku ni vya gia au silinda. Nyuzi nyeusi za raba ni sili ya pistoni au hozi inayochakaa kwa ndani. Nyuzinyuzi za mbao zinakupeleka kwenye kifuniko cha tangi: pumulio lake limevunjika au halifungi, na hakuna filta ya kurudishia itakayomaliza uchafu unaoingia hapo kila siku.